Bado ya Baba

Mara ya kwanza kuusikia mlio ule baada ya mazishi, nilikuwa nakaanga yai. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mama yuko shifti, mimi niko peke yangu. Tk. Nikageuka. Kibao kilikuwa mahali pake, juu ya friji, na karibu yake hapakuwa na mtu. Nikazima jiko, nikakaa sakafuni na mwiko mkononi mpaka yai likapoa. Sikulia, wala sikukimbia. Nilikuwa nasubiri kilie tena.

Hakikulia.

Kibao chenyewe ni kipande cha mbao ngumu, urefu wake kama kiatu changu. Juu yake baba alikaza kwa skrubu ile sehemu ya bunduki inayovutwa kwa kidole, pamoja na springi zake. Bunduki yenyewe haipo. Ilikatwakatwa zamani ikawa vyuma chakavu, ikabaki sehemu hiyo tu, na mwenye karakana akampa baba aje nayo nyumbani. Ukiivuta inalia tk, basi. Haiwezi kumdhuru hata nzi.

Baba alikuwa fundi wa bunduki za kuwindia. Watu wa kwetu ninaowajua hapa Woolwich ni makea wanaotunza wazee, manesi, madereva, wafanya usafi. Fundi bunduki alikuwa yeye tu, na kanisani walimtania kwamba wakati wa maombi afumbe macho yote mawili, asifumbe moja. Kazi aliianzia Tanzania, kwenye karakana ya kampuni ya uwindaji, akisafisha bunduki za wageni. Mgeni mmoja akapenda kazi yake, mambo yakawa mambo, na mimi nikajikuta naanza shule London nimevaa koti linalonifika visiginoni.

Ile sehemu inayovutwa, vitabuni inaitwa kifyatulio. Baba hakulipenda neno hilo. Alisema ni refu mno, ukimaliza kulitamka mnyama ameshavuka Ruvuma yuko Msumbiji. Yeye aliita ulimi. Mafundi waliomfundisha waliita hivyo, kwa sababu ndio unaosema; risasi ni neno tu, na neno likitoka halirudi.

Kazi yake kubwa ilikuwa hiyo, kurekebisha ndimi. Kuna wateja wanaotaka ulimi mwepesi, kidole kikigusa tu umeshasema. Kuna wanaotaka mzito. Uzito wake unapimwa kwa pauni, yaani nguvu unayotumia kuuvuta, na hilo liliwahi kuleta vita nyumbani. Mama alimsikia baba kwenye simu akimwambia mtu, kwa Kiswahili, kwamba ile kazi itatoka kwa pauni nne. Alipokata simu, mama akamjia juu.

"Kazi ya siku nzima pauni nne? Wewe unawindia nyumbani kwako au unawindwa?"

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia siku hiyo mama akawa anamwita Fundi Pauni Nne.

Na mfano wake wa ulimi mzito nilikuwa mimi. Shuleni sinyooshi mkono. Najua jibu, nalisikia limekaa kabisa mdomoni, lakini mpaka nijiandae mwingine ameshasema. Siku ya wazazi mwalimu mmoja alimwambia baba kwamba niko vizuri ila ni kama sipo. Tukarudi na basi kimya, tumekaa ghorofa ya juu, mbele kabisa. Nikajua amekasirika. Tulipokaribia kushuka akasema, "Wewe ulimi wako mzito. Sijasema mbovu. Mzito. Mwepesi ndio unaoua watu."

Jioni ile akanishushia kibao kutoka juu ya friji. Akanionyesha namna ya kuvuta taratibu, kidole kikienda chenyewe, mpaka ulie bila wewe kuutegemea. "Ukijua utalia sasa hivi, utashtuka kabla haujalia," alisema. Nilivuta mpaka kidole kikaota sugu. Nilikuwa nafanya hivyo kabla ya mitihani ya kuongea Kifaransa. Sijui kama ilisaidia.

Baruti hakuileta nyumbani kamwe, sheria na akili vyote vinakataza. Alileta harufu yake tu, kwenye koti na nywele, kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Lakini aliizungumza sana, hasa akiwa anakula. Wateja wengine walijaza upya maganda ya risasi zao pale karakana, na kumchagulia mtu baruti ilikuwa, kwa maneno yake, kama kumchagulia mke. Kuna baruti za hasira ya karibu, zinawaka papo hapo. Kuna za hasira ya mbali, zinawaka polepole zikiisukuma risasi njia nzima. Ukiweka ya hasira ya karibu kwenye ganda lisilo lake unaharibu bunduki na uso wa mtu.

"Za hasira ya karibu nazijua," mama alisema, akimwangalia juu ya sahani ya ugali.

"Na wewe ya mbali," baba akajibu. "Unakasirika Jumatatu, unalipuka Ijumaa."

Akamwaga mbegu za mchicha kwenye kisosi atuonyeshe punje zinavyofanana. Tatizo jingine, alisema, ni hali ya hewa. Mtu anajaribu risasi zake Uskochi kwenye baridi, anapanda ndege kwenda kuwinda kwetu kwenye jua, na baruti ile ile inakuwa kali kuliko alivyoizoea. Nzuri ni ile isiyobadilika tabia ukiihamisha nchi. Akazisukuma mbegu kwa kidole. "Nayo ni adimu," akasema.

Sasa nieleze kuhusu bado, maana bila hilo yaliyotokea hayaeleweki.

Baba hakujua kusema hapana. Watu wetu wengi hawajui, lakini yeye alizidi. Kanisani wakimuuliza, "Vipi, huyu hamjampatia mdogo wake?" alijibu, "Bado," huku akitabasamu, na mama amefanyiwa operesheni zamani na wote wawili wanajua hatazaa tena. Nikiomba kulala kwa rafiki, "Bado." Jirani akitaka kuazima gari, "Bado, ndugu yangu." Ukiambiwa bado na baba ujue mlango umefungwa, ila umefungwa taratibu usije ukakubana kidole.

Karakanani waliichukua bado kwa maana nyingine. Mwenye karakana, mzee wa Kiingereza, alipenda kujifunza neno moja moja kutoka kwa baba. Wakaweka rafu mbili za bunduki ukutani, na juu yake baba akaandika kwa chaki, moja BADO, nyingine TAYARI. Bunduki ambayo haijakamilika iko upande wa bado. Rahisi. Mzee akawa anaingia asubuhi akipiga kelele, "Bado? Tayari?" kama kondakta.

Wiki za mwisho za baba kulikuwa na bunduki ya mwanamke mmoja anayekwenda kuwinda kulungu Uskochi kila mwaka. Alitaka ulimi wake ufanywe mwepesi sana. Baba alinisimulia huku naosha vyombo. Yule mama vidole vyake vina ugonjwa, baridi ikimshika vinageuka vyeupe kama chaki na vinakufa ganzi. Hakumwambia mzee, aliona aibu. Alimwambia baba tu, kwa sababu baba alimwona akihangaika kufunga vifungo vya koti.

"Si ndiyo sababu anataka mwepesi?" nikamuuliza. "Vidole havina nguvu."

"Havina nguvu, sawa. Lakini pia havijui vimegusa nini. Kidole chenye ganzi kinaanza kuvuta mwenyewe hana habari. Ukimpa ulimi mwepesi, siku moja utasema kabla hajasema yeye, na mbele yake yuko yule kijana anayemwongoza porini."

"Kwa hiyo umefanyaje?"

"Nimeuacha na uzito wake. Nimeondoa ukakasi tu. Sasa unateleza, atadhani ni mwepesi."

"Na yeye umemwambia?"

Baba akafuta sahani pande zote mbili, akaiweka. "Akiniuliza kama umeshakuwa mwepesi, nitamwambia bado."

Alifia kituo cha basi, asubuhi, begi la chakula mkononi. Moyo. Watu wawili wasiomjua walikuwa naye mpaka gari la wagonjwa likafika. Zaidi ya hapo siwezi kuandika.

Baada ya ile Jumamosi ya yai nilisikia tk mara nyingine kadhaa. Mara niko bafuni, mara nafanya hisabati. Siku zote nikiwa chumba kingine, na siku zote mara moja tu. Sikumwambia mama. Angeniambia nisali, halafu angelala macho wazi. Na kusema kweli sikutaka mtu aufukuze ule mlio. Niliogopa, na bado nilikuwa naacha mlango wa jikoni wazi.

Wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula, mzee alimpigia mama simu twende kuchukua vitu vya baba. Karakana iko upande wa Barking, nyuma ya gereji za magari. Tulipita njia aliyopenda baba, lile handaki la waenda kwa miguu linalopita chini ya mto, ukitokea ng'ambo unapanda basi. Kule chini sauti haziondoki haraka. Baba alikuwa anakohoa makusudi, kikohozi kinatangulia mpaka mwisho wa njia kisha kinarudi, nami nilikuwa namcheka. Siku hiyo tulikuwa katikati, vigae vinatoa jasho. Mbele yetu mtu akakohoa.

Mama akasimama. Nami nikasimama. Tuliona njia yote mpaka inapopinda juu, taa zote zinawaka, hapakuwa na mtu.

"Twende," mama akasema. "Usiangalie nyuma." Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, nami sikuutoa.

Mzee alitufungulia milango yake miwili ya chuma. "Pole," akamwambia mama, kwa lafudhi yake mbaya, na macho yakamlowa. Ni mtu mkubwa mwenye masikio mabovu. Miaka yote ya milio ya bunduki imemla. Ukiongea naye lazima upige kelele. Mimi nilikuwa namwogopa kwa hilo tu.

Alikuwa ameweka vitu vya baba kwenye boksi. Aproni, chupa ya chai, kikombe, sweta lenye ile harufu. Mama akalishika sweta, akaligeuza kutafuta matundu, kama amekuja kulinunua. Mimi nikaangalia ukuta. Chaki ya baba ilikuwa palepale. BADO. TAYARI. Upande wa bado kulikuwa na bunduki moja tu.

"Hiyo ndiyo ya mwisho aliyoishika," mzee alisema. Haya yote alisema kwa Kiingereza, mimi naandika kwa lugha yangu. "Maskini, hakuimaliza. Nilimuuliza siku ile ya mwisho, akasema bado. Nimeupima ulimi wake, uzito ni uleule. Mwenyewe anaifuata kesho. Mkiondoka nitamlegezea mimi, dakika chache tu. Nitamalizia kazi yake. Naona ni heshima."

Mama akaitikia kwa kichwa, akasema asante.

Nilijua. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua, zaidi ya yule mama aliyeona aibu. Nikafikiria vidole vyake vyeupe, na yule kijana anayetembea mbele yake kwenye baridi. Nikasema, "Usilegeze."

"Eh?" Mzee akainamisha sikio.

"Usiilegeze."

"Siwezi kukusikia, mtoto wangu. Sema kwa nguvu."

Mama akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Wacha, mwanangu. Tusiingilie kazi za watu."

Nilikuwa na sababu ya kunyamaza, na niliijua, nimeitumia maisha yangu yote. Kidole changu cha shahada kilikuwa mfukoni, kikajikunja chenyewe, taratibu, kama kimeshika ulimi wa kibao. Halafu nikasikia sauti kubwa karakanani na nikashtuka, kumbe ni yangu.

"Ile bado ni hapana! Alikuwa anasema hapana!"

Mzee akanikodolea macho. Mama akaweka sweta chini. Nami kwa kuwa nilishaanza sikuweza tena kurudi, nikamwambia yote kwa kupayuka: vidole, ganzi, vifungo vya koti, ukakasi. Nikamwambia baba hakuwahi kumwambia mtu yeyote hapana, alisema bado, na kama angeishi miaka mia bunduki ile ingekaa upande ule ule wa ukuta.

Mzee akamgeukia mama. "Ni kweli?"

Mama akalikunja lile sweta. "Mimi nilimwambia turudi nyumbani kuishi," akasema. "Kila mwaka nilimwambia. Kila mwaka, bado."

Mzee akachukua bunduki ya yule mwanamke, akavuta komeo nyuma, akaingiza kidole kuhakikisha haina kitu, akatuonyesha na sisi. Akatia ndani risasi ya bandia, ile ya mazoezi, akaibana bunduki kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani. Bunduki yake mwenyewe, yenye ulimi mwepesi, akaifanya vilevile kando yake. Kisha akaenda kwenye sinki, akafungua bomba, akashikilia mkono chini ya maji. Ni maji ya London ya majira ya baridi. Akakaa hapo mpaka mkono ukawa mwekundu, kisha mweupe, na taya yake ikakaza.

Akaja na mkono ule unaodondosha maji, akaweka kidole kwenye ulimi wa bunduki yake. "Sasa naanza ku…"

Tk.

Hakuwa amemaliza kusema. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akatoa tusi ambalo mama alijifanya hakulielewa.

Akahamia kwenye ile aliyoitengeneza baba. Akaweka kidole. Kimya. Akavuta. Kimya. Niliona mkono mzima unafanya kazi, mpaka bega, na bunduki inamsubiri. Tk.

"Mungu wangu," mzee alisema polepole. "Haukwaruzi popote."

Akaniuliza kama nataka kujaribu. Nikaweka kidole. Sijui nielezeje. Mtu akifa kuna vitu vyake vinabaki, sweta, kikombe, lakini vimebaki kama alivyoviacha bahati mbaya. Huu uzito aliuacha makusudi. Ulikuwa hapo, unanipinga kwa upole, unaniuliza kama nina hakika. Nikavuta taratibu, kidole kikienda chenyewe, na ulipolia sikuwa nimeutegemea.

Mzee akampigia simu yule mwanamke palepale. Alipaza sauti kama kawaida, kisha akaishusha, jambo ambalo sijawahi kuliona. Ilikuwa simu fupi. Alipokata alisema mwenye bunduki ataichukua kama ilivyo, na kwamba alikuwa analia. Kisha akaibeba bunduki kwa mikono miwili, akaihamisha kutoka upande wa bado. Aliponingojea niseme neno, nilitikisa kichwa tu. Ulimi wangu ulikuwa umesharudia uzito wake.

"Tayari," akasema mwenyewe.

Tukarudi kwa njia ileile ya chini ya mto. Mimi niliomba tupite huko. Nilitega masikio tangu mwanzo mpaka mwisho, na sikusikia ila viatu vyetu. Hilo ndilo lililoniliza.

Nyumbani mama akachemsha chai, akaimimina kwenye kikombe cha baba, akakaa bila kuinywa. Akatazama juu ya friji.

"Unakisikiaga?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukiwa unaoga, ni mimi," alisema. "Ukiwa umefunga chumba chako unasoma, ni mimi. Navuta mara moja tu, halafu nakirudisha. Nilidhani maji yanakuzuia usisikie."

"Na Jumamosi asubuhi?"

"Jumamosi gani? Jumamosi mimi si niko kazini?"

Mama akajivuta kwenye kiti.

"Labda ni friji," akasema. "Mashine yake ikiwaka inatetemeka, kwa hiyo kibao kinatikisika." Hakuonekana kuyaamini maneno yake. "Tukiondoe hapo? Tukakiweke kabatini, au tukirudishe karakanani. Usije ukawa unaogopa kukaa peke yako."

Nilikitazama kibao, na ulimi wake mdogo wa chuma uliong'aa kwa vidole vya sisi watatu.

"Bado," nikasema.

Mama akainuka, akakisogeza kibao nyuma kidogo, mbali na ukingo kisije kikaanguka, akaanza kunikatia mkate. Mashine ya friji ikawaka. Sote wawili tukasikiliza.